Umakini Ukipotea Ghafla: Usikimbilie Kidonge cha Mwenzio



Mitihani ikikaribia hapa Uingereza utamsikia mtu akilalamika: "Nasoma ukurasa mmoja mara tatu na bado hakiingii kitu." Na hakosi wa kumjibu: "Muombe jamaa akupe kidonge chake, utakesha mpaka asubuhi." Kidonge chenyewe ni dawa ya ADHD, yaani ugonjwa wa upungufu wa umakini. Kwa baadhi yetu kinaweza kuleta balaa.

ADHD huanza utotoni. Kwa vigezo vya madaktari wa Marekani vya mwaka 2013, dalili kadhaa lazima ziwe zilionekana kabla ya miaka 12: mtoto hatulii darasani, anapoteza daftari, hawezi kusubiri zamu yake. Kule nyumbani wengi waliitwa watukutu wakachapwa tu, kwa hiyo si ajabu mtu kugundulika akiwa tayari chuoni.

Saikosisi ni kitu kingine. Mtu husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au huamini kabisa kwamba anafuatwa na maadui. Mara nyingi huanza kati ya ujana na miaka ya ishirini na kitu, yaani umri wetu huu huu. Na kwa wengi hutanguliwa na miezi, hata miaka, ya dalili ndogo ndogo: usingizi kuvurugika, kujitenga, kushuku watu bila sababu na, angalieni hapa, umakini kupungua.

Sasa utajuaje? Jiulize ilianza lini. Kama umekuwa hivyo tangu darasa la pili, huenda ni ADHD. Kama ulikuwa unasoma vizuri halafu mwaka huu mambo yakabadilika, tena pamoja na hizo dalili nyingine, usijitibu. Wapo pia wenye vyote viwili, na hao wanahitaji daktari zaidi.

Dawa nyingi za ADHD huongeza dopamini ubongoni, na saikosisi inahusishwa na dopamini hiyo hiyo kuzidi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2019 uliwafuatilia vijana zaidi ya 220,000 wa miaka 13 hadi 25 walioanza dawa hizi kwa cheti cha daktari. Takriban mmoja kati ya 660 alipata saikosisi, na waliotumia amfetamini walipata karibu mara mbili ya waliotumia methilifenideti. Ni wachache, kwa hiyo uliyeandikiwa dawa usiiache kwa woga. Lakini hao walikuwa na daktari. Wewe wa kidonge cha kuombaomba una nani?

Miraa nayo ina kemikali inayofanana na amfetamini, na hapa imepigwa marufuku tangu 2014. Bangi ndiyo usiseme: utafiti wa Ulaya wa mwaka 2019 ulikuta wanaovuta kila siku ile kali wako kwenye hatari karibu mara tano ya wasiovuta kabisa.

Jamani, kuwa na dalili za mwanzo hakumaanishi umeshakuwa kichaa. Kati ya vijana ambao madaktari huwaona wako hatarini, karibu robo tu hupata saikosisi ndani ya miaka 3. Nenda kwa GP wako. Mweleze ulivyokuwa utotoni (mpigie mama simu umuulize), kama kuna mgonjwa wa akili katika ukoo, na unachotumia, bila kuficha. England kuna timu maalumu za saikosisi inayoanza, na tangu 2016 NHS imejiwekea lengo kwamba wengi wa wanaopelekwa huko waanze matibabu ndani ya wiki 2. Hali ikiwa mbaya usiku, piga 111. Kama maisha yako hatarini, 999.

Na ukimwona mwenzako amejifungia chumbani, haji tena kwenye mikutano yetu, usiishie kusema karogwa. Sala ziendelee, lakini msindikize kwa daktari.