Kiriaini Inaweza Kuipigia Kura Ardhi Yake

Mwaka 1990 wapiga kura wa kaunti ya Napa, California, walipitisha sheria iliyokataza mashamba kugeuzwa mitaa ya nyumba mpaka wananchi wenyewe waulizwe kwa kura. Mwaka huohuo majirani zao wa Sonoma walikubali kujitoza kodi ya mauzo, robo senti kwa kila dola, ili kulinda mashamba na maeneo ya wazi.

Mkenya akisikia hayo husema hayo ni ya Marekani. Hajui kwamba mlango kama huo upo katika sheria zetu. Kifungu cha 90 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinaruhusu kura ya maoni ya mashinani kuhusu sheria za kaunti, na pia kuhusu maamuzi ya mipango na uwekezaji, iwapo ombi limetiwa saini na angalau asilimia 25 ya wapiga kura waliosajiliwa mahali kura itakapopigwa. Wadi yenye wapiga kura 20,000 ingehitaji saini 5,000. Hata hivyo kifungu hicho kinasema kaunti "inaweza" kuitisha kura, hakiilazimishi. Kwa hiyo saini zinahitaji swali lenye uzito, na swali lenye uzito huanza kwa kujua ardhi inapotea kwa njia gani.

Kiriaini iko Mathioya, kaunti ya Murang'a, karibu na mpaka wa Othaya. Ni nchi ya vilima, chai juu na kahawa chini yake. Hapa ardhi hupotea kwa njia tatu.

Ya kwanza ni urithi. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulikusanya vipande vya kila familia vikawa shamba moja lenye hatimiliki. Sasa wajukuu wanaligawanya upya shamba hilo. Ekari mbili zikigawiwa ndugu wanne, kila mmoja hubaki na nusu ekari, na humo ndimo atakamojenga, afuge ng'ombe na kuchuma chai. Kura ya mashinani haiwezi kuingia kwenye kikao cha familia. Kinachoweza kuingia ni bodi ya kudhibiti ardhi, iliyowekwa na Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967. Uuzaji au ugawaji wa shamba bila kibali chake ni batili, na sheria inaiagiza bodi ikatae ugawaji unaoelekea kupunguza uzalishaji. Bodi inayopitisha kila ombi imeacha kazi yake, na wanachama wake wengi ni wakulima wa hapohapo wanaoweza kuulizwa.

Njia ya pili ni barabara. Kando ya lami, mashamba hukatwa ploti za futi 50 kwa 100 na kuuzwa. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: bodi hushughulikia ardhi ya kilimo tu, na ardhi iliyo ndani ya mji au soko haihesabiwi kuwa ya kilimo. Mpaka wa soko ukisogezwa, mashamba yaliyomezwa hutoka mikononi mwa bodi siku hiyohiyo. Uamuzi wa kusogeza mpaka ni wa mipango, na hapo ndipo kifungu cha 90 kinapofaa kuliko popote. Mpaka mmoja unaweza kugusa mashamba mengi, na wengi wa wanaoguswa ni wapiga kura.

Njia ya tatu ni viwanja vya umma. Wakati wa kukusanya mashamba, sehemu zilitengwa kwa shule, soko, josho na uwanja wa michezo. Nyingi nchini zilikaa bila hati, na ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Hata bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi iliponea chupuchupu mwaka 1989, pale mwanamazingira Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, Nyeri, alipopinga jengo la orofa 60 lililokusudiwa humo. Kiwanja kisichopimwa wala kusajiliwa kwa jina la kaunti hakina cha kukilinda ila kumbukumbu za wazee.

Bustani na viwanja vya burudani ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba. Fedha zake hazihitaji kura, zinahitaji tarehe. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, mkakati wa fedha kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Anayedai kiwanja mwezi wa Mei amekuta mgao umeshapangwa.

Basi kama Kiriaini itakusanya saini, isikusanye kwa ajili ya kauli kama "tulinde mashamba", ambayo hakuna mwanasiasa atakayeipinga wala kuitekeleza. Iulize mambo mawili: je, mpaka wa soko usogezwe tu kwa idhini ya wakazi wanaoguswa? Na je, kaunti ipime na kusajili kila kiwanja cha umma katika wadi kabla ya kuidhinisha ujenzi mpya kando yake? Maswali hayo yanajibika kwa ndiyo au la, na mwaka ukipita kila mtu anaweza kwenda afisi ya ardhi kuona kama jibu limetekelezwa.