Lugha ya Kompyuta na Spea Zake

Anayenunua pikipiki ya bodaboda Voi haanzi na mwendo wake. Huuliza kwanza kama spea zinapatikana mjini na kama mafundi wanaijua injini, maana ikimzimikia njiani kuelekea Sagalla, kasi haitamfikisha popote. Lugha ya kuandikia programu za kompyuta nayo, kwa maoni yangu, ichaguliwe hivyo: nani atakayeitengeneza ikiharibika?

Sidharau kasi. Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, huachwa mbali na C ya miaka ya 1970 katika hesabu za kurudiarudia, na kuna mahali haiingii kabisa. Kwa mfano, huko Sagalla mizinga ya nyuki hutundikwa kwenye waya kuzunguka mashamba ili ndovu wasiingie. Tuseme mkulima anataka kifaa cha betri kimwarifu waya ukitikiswa. Akikijenga kwa kibao kidogo cha Arduino Uno R3, ana kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Hapo C au C++ ndiyo njia. Lakini daftari la mauzo ya mboga za Wundanyi ni jambo jingine. Kompyuta hushinda ikimngojea karani amalize kuandika tarakimu, na kuilipia kasi kwa miezi ya kazi ya ziada ni kupoteza pesa za wakulima. Kwa Python, print("Habari Voi") ni programu kamili. Java kwa kawaida hudai mistari kadhaa ndipo itoe salamu hiyohiyo.

Mtetezi wa Java atasema urefu huo una faida, na ni kweli. Java hutaka aina ya kila data ijulikane mapema, hivyo makosa mengi hunaswa kabla programu haijaanza kazi. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006, umeandikwa kwa Java. Kazi inayopita mikononi mwa watu wengi kwa miaka mingi huhitaji ukali huo. Lakini Ushahidi, tovuti ya kupokea taarifa za vurugu iliyozaliwa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya mwanzoni mwa 2008, ilihitaji kusimama ndani ya siku chache; hapo wepesi wa kuandika hutangulia.

Wengine huhofu kwamba kufuata mafundi waliopo kutatubakiza nyuma. Ila mafundi nao huongezeka: mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya iliidhinisha mtaala wa Kodris Africa, unaofundisha Python shuleni. Anayeliundia soko la Voi mfumo leo na awaulize wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taita Taveta ni wangapi wataweza kuufungua na kuurekebisha, yeye akishahamia Nairobi.