Mawingu ya Lumakanda yapimwe wapi?

MKULIMA wa Lumakanda, eneo la Lugari katika Kaunti ya Kakamega, aliyeanika mahindi uani asubuhi yenye jua kali, hafaidiki sana kwa kuambiwa kwamba msimu huu utakuwa na mvua. Anataka kujua iwapo itanyesha alasiri ya leo ili ayaanue mapema, kwani mahindi yaliyolowa hushika ukungu, na ukungu huo huweza kuleta sumu ya aflatoksini.

Utabiri wa namna hiyo ni mgumu, na chanzo cha ugumu huo hakiko Lumakanda. Mchana, upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria huvuma kuelekea bara na kukutana na ule utokao mashariki, karibu na nyanda za juu za Nandi na Uasin Gishu. Hapo hewa hupanda, mawingu hurundikana, kisha upepo wa mashariki huweza kuyasukuma kurudi magharibi yakiwa na radi na mvua ya mawe. Kwa hiyo kipimo kinachomfaa zaidi mkulima huyo ni kile kinachochukuliwa mapema huko yanakozaliwa mawingu, wala si cha uani kwake mvua ikiwa imekwisha kuanza.

Wazo la kuchagua mahali pa kupima lilijaribiwa kwa upana Januari na Februari 1997 juu ya Bahari ya Atlantiki, katika mradi ulioitwa FASTEX. Kwa mbinu hii, kompyuta hurudia utabiri mara nyingi, kila mara hali ya mwanzo ikibadilishwa kidogo. Majibu yakitofautiana sana kuhusu dhoruba fulani, wataalamu hufuatilia nyuma hadi mahali tofauti hizo zilikoanzia. Huko ndiko hupelekwa ndege ya kudondosha vifaa vyenye miavuli, vipimavyo joto, unyevu, upepo na kanieneo ya hewa. Mwaka uo huo Marekani ilianza kutumia ndege ya Gulfstream IV kuchunguza hewa inayozunguka vimbunga.

Manufaa hayakuwa makubwa kila mara. Setilaiti zilipoongezeka, thamani ya kipimo kimoja cha ziada juu ya Atlantiki ilipungua. Afrika Mashariki, ambako vipimo vya anga ya juu ni haba, hesabu ni nyingine kabisa.

Mwaka 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliidhinisha kiwango cha chini cha kituo kimoja cha ardhini kila kilomita 200, na cha kurusha maputo kila kilomita 500. Ni hatua njema, ila dhoruba yenye upana wa kilomita 10 huweza kupenya katikati bila kupimwa na kituo chochote.

Puto likirushwa Eldoret asubuhi lingeonyesha unyevu ulivyo angani na iwapo hewa iko tayari kupanda. Hata hivyo, maputo yana gharama, na vifaa vyake mara nyingi haviokotwi tena. Halihitajiki kila siku. Linahitajika zaidi asubuhi zile ambazo majibu ya kompyuta yanapingana.