Ukataji wa Kaliandra Usiwanyime Nyuki Maua

Katika miinuko ya Kenya, wakulima wengi wa kahawa wafugao ng'ombe wa maziwa wamepanda uzio wa kaliandra. Asili ya mmea huu ni Mexico na Amerika ya Kati. Watafiti wamekadiria kuwa kilo 3 za majani yake mabichi huweza kushika nafasi ya kilo 1 ya chakula cha ng'ombe cha dukani. Kwa sababu hiyo uzio wote hukatwa mara kwa mara, na mwaka huweza kupita pasipo ua hata moja kuchanua.

Hasara yake haionekani upesi. Mbuni huchanua siku chache tu baada ya mvua. Ingawa kahawa ya arabika hujichavusha yenyewe, matunda huongezeka nyuki wanapoyatembelea maua. Lakini nyuki waliokosa chakula miezi mingine huhama, na hapana awezaye kuwaita siku mbuni unapochanua. Ua la kaliandra hufunguka jioni na kunyauka kesho yake, bali mengine hulifuata katika tawi lilo hilo kwa majuma kadhaa.

Yafaa basi uzio ugawanywe sehemu tatu. Mbili zikatwe kwa zamu, kila baada ya miezi 2 au 3, kwa kimo cha mita 1 hivi. Ya tatu iachwe ichanue na kuzaa. Maganda yachumwe yageukapo rangi ya kahawia, kabla hayajapasuka na kurusha mbegu. Mwaka unaofuata sehemu ya kuachwa ibadilishwe. Chini ya uzio, kishona nguo kiachwe kichanue, kisha kifyekwe kabla mbegu zake hazijakomaa.

Ikumbukwe kuwa ng'ombe mmoja huhitaji miti 500 hivi kwa mwaka mzima. Mwanachama aachaye theluthi moja bila kukatwa yampasa awe na miti 750, ama sivyo maziwa yatapungua.

Makatibu wa vyama wanaombwa kulifikisha jambo hili katika mikutano ya wanachama, ili majirani wapange zamu na mashamba ya kijiji kizima yasikatwe katika juma moja. Nyuki hawatambui mipaka ya mashamba. Uzio ulioachwa na mmoja huzaa matunda katika mibuni ya wengi.