Gunia halikuwa na kosa



Wiki iliyopita nilitoka Dodoma kwa basi, kompyuta mpakato yangu ikiwa kwenye begi ndani ya buti. Niliposhuka Bonga, kasha lake lilikuwa limebinuka, haifungiki. Juu ya begi palikuwa na gunia la mbaazi. Nikamgeukia kondakta, kijana mdogo tu, nikamsema mbele ya abiria. "Nisamehe, Padri," akajibu, akapanda, basi likaondoka kuelekea Babati mjini.

Usiku niliilalia kwa vitabu vizito ili inyooke. Wewe usifanye hivyo! Kesho yake fundi alifungua skrubu, akanionyesha betri imevimba kama mto. Betri hizi za lithiamu zikichakaa au zikipata joto kali hutoa gesi ndani, na gesi ndiyo husukuma kasha. Ukiikandamiza, ukiitoboa au ukiendelea kuichaji, inaweza kulipuka moto. Izime, ipeleke kwa fundi.

Katika Marko sura ya 7 Yesu anafundisha kwamba kimtiacho mtu unajisi hutoka moyoni mwake. Injili hiyo nimeihubiri mara nyingi. Pale kituoni nilitafuta gunia. Na wewe, nyumbani mwako, gunia lako ni nani? Mke? Mkwe? Dada wa kazi?

Jina la kijana yule silijui, ila basi lao nalijua. Kesho nitalisubiri. Abiria walionisikia nikimfokea hawatakuwapo kunisikia nikimwomba radhi.