Sanda: Vazi la maziko linalorudi udongoni

Na Mwandishi Wetu, Tanga

WAKATI wabunifu wa mavazi nchini Marekani na Australia wakitafuta vazi la maziko litakalooza bila kuacha taka ardhini, Waislamu wa Tanga, Pangani na mwambao wote wa kaskazini wamekuwa nalo kwa karne nyingi. Vazi hilo ni sanda.

Kwa desturi, maiti ya mwanamume hukafiniwa kwa vipande vitatu vya kitambaa cheupe na ya mwanamke kwa vitano. Hupelekwa makaburini kwa jeneza la msikiti, kisha hulazwa ndani ya mwanandani kwa ubavu wa kulia bila jeneza hilo, ambalo hurudishwa msikitini.

Faida ya sanda kwa mazingira hutegemea aina ya kitambaa. Pamba ni zao la mmea, hivyo bakteria na kuvu wa udongoni huila hadi ikaisha. Poliesta hutengenezwa kwa malighafi ya mafuta ya petroli, na viumbe hao hawaimudu.

Mbunifu wa Australia, Pia Interlandi, alilichunguza jambo hilo kwa kuzika nguruwe 21 waliovishwa nguo, kisha kuwafukua kwa awamu. Nguo za nyuzi za mimea zilioza, lakini poliesta ilibaki. Nchini Marekani, Jae Rhim Lee alibuni vazi lenye uyoga, ambalo mwigizaji Luke Perry alizikwa nalo mwaka 2019.

Tatizo ni kwamba bafta ya pamba tupu na kitambaa chenye mchanganyiko wa poliesta huweza kufanana kwa macho. Njia rahisi ya kuvitofautisha ni kuchoma uzi mmoja. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuganda kuwa kipunje kigumu.

Suala hilo linawahusu pia Wakristo, ambao aghalabu huzikwa kwa suti au gauni, ndani ya jeneza lililopakwa vanishi.

Kwa wakazi wa mijini, ambako ardhi ya makaburi ni finyu, jambo hili si dogo. Wanazuoni wa Kiislamu huruhusu kaburi la zamani kutumika tena pale mwili unapokuwa umegeuka udongo. Kitambaa kisichooza hubaki humo, kikimsubiri mchimbaji wa kaburi jingine.