Kabla ya Norwei, Anzieni Ndolezi

Wote wawili mnafanya kazi, mshahara unaingia, halafu siku moja mwenza wako anakuja na wazo: "Twende Norwei tukaone mwanga wa kaskazini." Utamjibuje?

Wazo hilo lilitaka kuwagombanisha wanandoa fulani wa Tunduma, marafiki zangu. Mume ni wakala wa forodha pale mpakani, mke yuko benki. Mume aliona picha za anga la kijani kwenye simu, akaanza kuweka hela kimya kimya, eti sapraizi ya miaka mitano ya ndoa. Mke alipogundua, hakufurahi hata kidogo. Mwenzake anajinyima, anajua wanatafuta kiwanja! "Hela ya siri ni ya siri tu," aliniambia, "hata kama ni ya kunipeleka mbinguni."

Hesabu kwanza

Ndoto si dhambi, ila ndoto ya wawili haipangwi na mmoja. Kaeni chini mjue mnachokitafuta. Mwanga huo hutokea pale chembechembe zenye umeme kutoka kwenye jua zinapogonga hewa ya juu, karibu na ncha za dunia. Ile rangi ya kijani ni kazi ya oksijeni. Kule Tromsø, kaskazini mwa Norwei, msimu wake ni Septemba hadi Machi, usiku unapokuwa mrefu. Mawingu yakitanda huoni kitu, kwa hiyo pangeni usiku kadhaa, si mmoja.

Viza ya Schengen huombwa ndani ya miezi 6 kabla ya safari, na isipungue siku 15. Kabla ya tiketi ya Ulaya kuna ndege ya kutoka Songwe hadi Dar. Bado makoti mazito, ingawa hapo mitumba itawaokoa.

Mbingu ya karibu

Nikawauliza, "Kimondo cha Mbozi mmeshakiona?" Wakaangaliana. Miaka yote hiyo wanapita barabara ya Mbeya, hawajawahi kukata kona kwenda kijiji cha Ndolezi!

Wakaenda Jumamosi moja, na bajeti waliiandika pamoja: mafuta, kiingilio, chakula. Kimondo kile kilidondoka kutoka angani. Kina urefu wa kama mita 3 na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Takriban asilimia 90 yake ni chuma, na karibu 9 ni nikeli. Wenyeji walikijua tangu zamani. Wanasayansi walikuja kukijua mwaka 1930, kupitia mpima ardhi William Nott. Na hiki hakihitaji usiku wala bahati ya mawingu. Kipo pale, mchana kweupe.

Wakiwa wamesimama mbele yake, mume akaomba msamaha. Mke naye akakiri kwamba angependa sana kuliona lile anga la kijani. Alichokataa ni kufichwa. Walirudi Tunduma na makubaliano: kiwanja kwanza, kisha akaunti ya safari yenye majina mawili.

Norwei haihami, itawasubiri. Na wewe je, msomaji, mwenza wako anajua unaweka hela ya nini?